Mikono Yako Ilikuwa Wapi?

Nakumbuka mpaka saa yenyewe, mwanangu, kwa sababu niliiandika: Jumanne, saa nne na dakika kumi za asubuhi, somo la hesabu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikisoma shule ya wasichana ya masista hapa Uvira, na nilikuwa na daftari lenye jalada la buluu ambamo niliandika kila jambo nililoona haya kulisema kwa mdomo. Niliona haya kwa karibu mambo yote, kwa hiyo daftari lilijaa haraka. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu: "Leo moshi umeingia kwenye tablo, na hakuna moto."

Nakuandikia, mimi bibi yako, kwa kalamu nene na herufi kubwa kama mayai, unisamehe kwa karatasi nyingi. Jumapili iliyopita mezani nilikuona. Jicho langu lililobaki haliwezi tena kusoma barua, lakini shingo iliyopinda linaijua. Uliisogeza simu karibu na pua, ukageuza kichwa upande kama kuku anayechungulia mwewe. Mama yako alipokuuliza kama macho yanakuuma, ulijibu upesi, "Hapana, ni usingizi tu." Jibu lile nalijua, mwanangu. Nililitumia karibu mwaka mzima, na mtoto mmoja nusura afe kwa sababu yake. Hata mama yako sijawahi kumsimulia habari hii yote. Kaa nikusimulie.

Kwanza ujue kwamba nilizaliwa na macho mazuri. Siku ya uhuru nilikuwa bado mdogo, nimepanda juu ya ukuta karibu na bandari, na bendera ilipopandishwa nilihesabu zile nyota ndogo sita pembeni ya nyota kubwa, moja moja, kutoka mbali. Baba yangu, ambaye alikuwa karani wa mizigo pale bandarini, aliniambia nisidanganye, ziko mbali mno. Akasogea mwenyewe, akazihesabu, akarudi akicheka. Tangu hapo nyumbani waliniita Macho ya Kozi, yule ndege mwindaji. Jina zuri, lakini lilikuja kunibana kama kiatu cha mwaka jana.

Basi Jumanne ile mwalimu aliniita nisome mstari wa pili ubaoni. Jicho la kulia lilikuwa limeamka jekundu, linauma kwa ndani kabisa, si pale unapokuna bali nyuma yake, na mwanga wa dirishani ulinichoma. Ubao, ile tablo ya daftarini, ulikuwa umefunikwa na ukungu, na ndani ya ukungu kulikuwa na vidoa vyeusi vinavyoruka kama mbu. Jirani yangu wa dawati, Vumilia, alininong'oneza namba nami nikazirudia. Mwalimu akasema vizuri, kaa. Mwanangu, hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, katika neno lile "vizuri." Niliona kwamba inawezekana. Kwamba mtu anaweza asione, na wasijue.

Wenzangu walichekelea wekundu tu. "Mauwa analia usiku kucha, bwana wake bado hajazaliwa!" Mimi nikacheka nao. Sista wa dispensari alinitia matone, akasema ni vumbi. Wiki ya pili akasema ni moshi wa ndagala, kwa kuwa mama yangu alikausha samaki nyuma ya nyumba. Wekundu ukapungua, nikamwambia nimepona. Uongo. Ukungu haukuondoka. Baada ya miezi mitatu jicho la kulia lilikuwa linajua mchana na usiku tu, na lile la kushoto lilikuwa limeanza kuuma kama ndugu yake. Katika daftari niliandika: "Vumilia anasoma, mimi nakariri. Nimekuwa wa tatu darasani." Nilijivunia, fikiria.

Halafu uasi ukafika. Sitakusimulia vita, wapo waliovisimulia vizuri kuliko mimi. Ninachokumbuka ni shule kufungwa ghafla siku moja, kama mtu anavyofunga kitabu, na daktari kuondoka, na sista wa dispensari kuondoka, na barabara ya bonde kujaa vizuizi vya vijana wenye silaha. Baba akasema niende kwa dada yake, Shangazi Nabintu, juu kidogo ya Sange, pale milima inapoanza. Shangazi mwenyewe alishuka kunichukua. Tulipita njia za pembeni, mimi nikiwa nimembeba mgongoni bintiye, Faida, wa miaka minne. Kati ya mgongo wangu na tumbo la Faida nilificha daftari langu, maana siku zile mtu akikutwa na maandishi aliulizwa maswali mengi.

Kwenye kizuizi kimoja kijana aliniinua kidevu. "Huyu macho mekundu hivi, anavuta nini?"

"Anavuta moshi wa ndagala," Shangazi akajibu. "Ukitaka, nawe ukae nyuma ya nyumba yao siku mbili, tuone macho yako."

Wenzake wakamcheka, tukapita. Faida akaninong'oneza sikioni, "Mauwa, kitabu chako kinanichoma kwa tumbo." Nilimpenda tangu siku ile. Hakulia, wala hakunisema.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na watu wanne tu: yeye, Faida, mimi, na mama mkwe wake ambaye wote tulimwita Koko Sifa, koko yaani bibi. Mume wa Shangazi alikuwa amekwama ng'ambo, Burundi. Koko Sifa hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mfupi, mkavu, na alitembea akiwa ameshika kiuno kwa nyuma kana kwamba amebeba kitu ambacho hataki tukione. Yeye ndiye aliyesimamia mihogo.

Wewe umekulia mjini, unga mnanunua, kwa hiyo nikueleze. Mihogo ya kule ni ile michungu. Ukiila hivihivi ina sumu. Lazima uimenye, uitie katika gunia, uizamishe majini siku nne mpaka ilainike na kuchacha, ndipo uianike na kuitwanga. Chini ya kijiji kulikuwa na kidimbwi ambamo kijito kilipumzika kidogo, na kila nyumba ilizamisha magunia yake humo, kila gunia limefungwa kwenye kijiti chenye kitambaa cha alama. Nyumba yetu ilikuwa na vitambaa viwili. Gunia la kwanza, kitambaa chekundu. Gunia linalofuata, kitambaa cheusi. Likitoka jekundu, linaingia jipya, na zamu inaendelea. Mpango mzuri kabisa, kwa mtu mwenye macho.

Alhamisi moja Shangazi aliondoka kwenda Luvungi kutafuta chumvi, maana tulikuwa tumekula bila chumvi wiki mbili. Koko Sifa alikuwa amelala na homa. Shangazi akaniambia mlangoni, "Mauwa, leo utoe gunia la kitambaa chekundu. Cheusi bado, kimeingia juzi tu. Umesikia?"

"Ndiyo, Shangazi."

Nilifika kidimbwini jua limeshapanda. Maji yaliurudisha mwanga wote usoni mwangu, na jicho la kushoto likafunga lenyewe, likatoa machozi. Nililifungua kwa vidole. Niliona vijiti viwili, na juu ya vijiti viwili vitu viwili vya giza. Nyekundu na nyeusi, mwanangu, katika ukungu ni kitu kimoja. Nikavigusa, vyote vilikuwa vipande vya kitenge kilekile cha zamani.

Kulikuwa na wanawake watatu wakifua hatua kumi kutoka hapo. Niliwasikia wakicheka. Ilitosha kusema, "Mama, hiki ni chekundu?" Maneno manne. Nilisimama ndani ya maji nikayatafuna yale maneno manne mpaka yakaisha. Nikifikiria: watauliza kwa nini. Watajua. Watasema Macho ya Kozi amekuwa kipofu, ataolewa na nani, atasoma nini.

Nikachagua kijiti cha kushoto.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuliandika hata katika daftari. Nilipovuta gunia na kuingiza mkono, mihogo ilikuwa migumu. Migumu kabisa, kama jiwe. Muhogo uliokaa siku nne unakatika mkononi kama mkate uliolowa chai, kila msichana wa kule anajua hivyo. Mikono yangu ilijua. Lakini kurudisha gunia lile na kutoa la pili mbele ya wale wanawake kungekuwa kukiri. Nikajiambia labda maji yalikuwa baridi. Nikaubeba ule muhogo nyumbani, nikaukatakata vipande vidogo ili ugumu wake usionekane, nikauanika juu ya mwamba uliokuwa ukiunguza nyayo, na Jumamosi asubuhi nikatwanga.

Mchana ule, Shangazi bado njiani, nilipika bugali ya unga ule na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Koko Sifa hakutaka kula, homa ilimnyima hamu. Tukala mimi na Faida. Alipomeza tonge la kwanza alikunja uso.

"Mauwa, bugali iko kali."

Nami, mwanangu, nilimwambia, "Kula. Ni kwa sababu haina chumvi."

Akala. Alikuwa na njaa, na aliniamini. Mimi nilikula kidogo tu. Yeye alimaliza sahani.

Saa tisa akaanza kushika kichwa. Kisha akasimama kunifuata na miguu ikamkataa, akaenda upande upande kama mtu aliyekunywa pombe, akaanguka, akatapika. Mimi mwenyewe dunia ilikuwa inanizunguka, lakini sikuhisi chochote ila woga. Nilipiga kelele. Koko Sifa akatoka akiwa amejifunga blanketi, meno yakigongana kwa homa, na hakuuliza mara mbili.

"Umemukulisha nini?"

"Bugali, Koko."

Aliingia jikoni, akatia unga kidogo kwenye ncha ya ulimi, akatema. Akapiga kelele kuita majirani, wakaja wanawake wawili. Walimlaza Faida ubavu ili asipaliwe, wakamfuta, wakawa wanamlowesha midomo. Mmoja akauliza dispensari iko wapi yenye mtu, mwingine akajibu hakuna yenye mtu mpaka Uvira. Hapo nilielewa kwamba hakuna pa kukimbilia. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, macho yamegeuka, na dawa yote tuliyokuwa nayo ilikuwa kungoja.

Koko Sifa akaniita pembeni. Alikuwa na kitambaa mkononi, alikuwa amekifungua kwenye kijiti nilichokileta pamoja na gunia, nyuma ya jiko.

"Hii iko rangi gani?"

Ningeweza kusema sijui. Hata wakati ule, mtoto akiwa vile, nilibahatisha. "Nyekundu."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alikishika kitambaa mbele ya uso wangu muda mrefu, kisha akapitisha vidole vyake mbele ya jicho langu la kulia, na sikupepesa, kwa kuwa sikuviona.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu shuleni, Koko. Karibu mwaka."

"Weye mutoto," akasema polepole. "Macho haikuona. Sawa. Macho ni nyama, inaweza kugonjwa kama minye niko mugonjwa leo. Lakini mikono yako ilikuwa wapi? Ile mihogo ilikuwa nguvu kama majiwe. Mikono haikukuambia?"

"Iliniambia, Koko."

"Na huyu mutoto, hakukuambia bugali iko kali?"

"Aliniambia."

"Basi si macho ndiyo yalimukulisha sumu. Ulikuwa na kazi moja tu, kazi ya kuonekana unaona. Ukaacha kusikia mikono, ukaacha kusikia mutoto." Akavuta pumzi. "Kama Mungu atamuacha huyu, kesho asubuhi utashuka kwa maji na utasema kwa kinywa chako. Si minye nitakusemea."

Tulimkalia Faida alasiri yote. Kule jua linaingia nyuma ya milima mapema, kivuli kinashuka kama pazia wakati bonde bado linawaka. Kivuli kilipofika mlangoni kwetu, alifungua macho akaomba maji. Alikunywa, akayatapika, akaomba tena, yakakaa. Kisha akasema, "Mauwa anibebe." Nilimbeba. Nilizunguka naye uani mpaka Shangazi alipotokea na chumvi yake kichwani. Nilimweleza mwenyewe, yote, na lile jicho, na ule ugumu wa mihogo. Alinipiga kofi moja, kisha akaukumbatia mzigo mzima, mimi na mtoto wake mgongoni, akalia.

Mwanangu, tangu hapo nimeishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka hamsini. Vita vilipotulia baba alinipeleka Bukavu, na baadaye Bujumbura. Daktari mmoja alisema ndani ya jicho kumevimba. Wa pili alitafuta kifua kikuu, hakukiona. Wa tatu alitafuta minyoo ya mto, ile inayopofusha, hakuiona. Wametoa damu yangu ya kutosha kupaka nyumba. Sababu hakuna aliyeijua, na wa mwisho alikuwa na heshima ya kuniambia hivyo waziwazi: "Mama, sijui kwa nini." Niliondoka kwake nimefurahi, kwa maana nilikuwa nimekutana na mtu mwingine anayeweza kusema hivyo. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto linawaka na kupoa, likiwaka natia matone, nakaa gizani siku chache, linapoa. Nusu yake bado ninayo kwa sababu nilijifunza kwenda mapema. Lile la kulia labda nalo ningelipunguzia hasara, kama si ule mwaka wa "nimepona." Hilo sitalijua.

Lakini usinionee huruma, sina shida hiyo. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Siku ya kwanza ya kila mwaka niliwaambia watoto, "Mwalimu haoni vizuri. Ukinyoosha mkono, taja jina lako." Hakuna darasa lililokuwa na nidhamu kama langu, kwa sababu walidhani nina masikio ya popo. Nimelea watoto watano, nimemzika mume niliyempenda, na unga wangu hakuna anayeukosoa Uvira nzima.

Kwa hiyo shauri langu ni hili, na nalisema bila kuzunguka. Mwambie mama yako leo, si baada ya mitihani. Mwende hospitali akuone mtu wa macho, na akisema ni vumbi na ukungu ukabaki, rudi, na ukae pale mpaka akutazame tena. Usikubali kuitwa umepona kwa sababu umechoka kuulizwa. Shuleni kaa mbele. Ukishindwa kusoma, sema umeshindwa kusoma. Labda ni jambo dogo, utapewa miwani na tutacheka. Labda ni hili langu, maana linaweza kuja lisijieleze. Hata likiwa hili, utaishi, utasoma, utapenda na utapendwa, ilimradi usiache kusikiliza vitu vingine vyote ulivyopewa kwa ajili ya kulinda sura ya kimoja. Na mtoto akikuambia bugali iko kali, weka tonge chini.

Mungu akulindie nuru yako, mwanangu. Akiiacha yote, uitumie vizuri. Akiipunguza, akuongezee watu wa kukuambia rangi, na akupe mdomo mwepesi wa kuwauliza. Mikono yako na ibarikiwe.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini wanawake wa kule hufunga mafundo kwenye vitambaa vya mihogo. Yalianzia kwangu, basi nimalizie.

Kesho yake, Jumapili, saa moja asubuhi, nilishuka kidimbwini nikiwa nimembeba Faida. Walikuwa wanawake wengi, wanateka maji kabla ya kanisa. Nilisimama, nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia:

"Bamama, minye sione. Jicho la kuume limekufa, la kushoto liko na moshi. Alhamisi nilitoa gunia la cheusi, jana nikamlisha mtoto huyu. Nisaidieni."

Mmoja akasema, "Tulijua iko kitu. Juzi umenisalimia mara tatu kwa jina la mukamwana wangu, muke wa kijana wangu, na mukamwana wangu yuko na ndevu kama zangu hizi?" Wakacheka wote, na mimi, na hata Faida ambaye hakuelewa.

Niliingia majini. Sikutazama vijiti. Nilichukua kitambaa cha gunia lililobaki, nikakifunga fundo moja kwa kila siku gunia lililokaa majini, ili siku zisomeke kwa kugusa, nikahesabu kwa vidole mpaka nikavuka nne. Kisha nikapenyeza mkono ndani ya gunia, nikashika muhogo, nikausukuma kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo.